Herufi Yenye Mkia

Julai, Kilombero, baridi ya kuuma masikio.
Nimefungua stesheneri, nimewasha kompyuta,
nimeiacha inung'unike peke yake
kama mtu aliyeamshwa kabla ya chai.

Mteja wa kwanza hakutaka fotokopi.
Alifungua kitambaa, akatoa daftari
la kisomo cha watu wazima, pembe zimeliwa na panya,
akatafuta ukurasa, akaweka kidole:
"Naomba hii. Ni ya kwenye jiwe."

Penseli. Mkono uliojifunza ukubwani,
ulioikandamiza karatasi mpaka upande wa pili:
*Ŋoto Loishiye.*
Mama yake Loishiye.
Na Loishiye ndiye huyu,
aliyeinama ili mlango wangu umpishe.

"Zahanati waliandika Ngoto, kama ngoma, kama ngazi.
Kwenye kitambulisho tuliwaambia, wekeni ile alama ya juu.
Wakasema mashine haitaki.
Mama amekaa miaka kumi na miwili
na jina la mtu tusiyemjua."

Kuna programu ndogo humu, haina pambo,
imejificha mwisho wa menyu, hakuna anayeiulizia.
Unachagua fonti, nayo inakumwagia kila ilicho nacho,
mraba kwa mraba, kama shamba lililokatwa viwanja.
Mwaka wa saba nachapa kadi za harusi na ratiba za mazishi,
sijawahi kushuka chini ya z.

Tukashuka.
A zenye kofia. O zenye macho mawili juu.
Sarafu za nchi ambazo sitazitumia.
Mkasi. Simu ya mezani. Mshale uliogeuka kutazama ulikotoka.
Loishiye akasogeza kiti.
"Hizi zote ni za nani?"
"Za watu."
"Kumbe tuko wengi."

Nikaanza na fonti wanayoipenda maharusi,
ile yenye vikonyo kama mpasheni kwenye uzio.
Kisanduku kitupu.
Fonti ya mabango ya injili: kisanduku.
Ile niliyoletewa kwa fleshi kutoka Nairobi,
nikaringa nayo mtaa mzima: kisanduku,
kisanduku, kisanduku,
vyumba vimepigwa lipu, hakuna aliyehamia.
Hakusema kitu. Alikuwa akikunja kitambaa
na kukikunjua.

Ilikuwa kwenye fonti ya risiti.
Ile nyembamba, ya bei ya sukari na sabuni,
isiyosifiwa na mtu.
Baada ya n yenye kofia,
baada ya n iliyotanguliwa na alama yake,
imekaa: ŋ.
Nikaibofya nisiachie, ikavimba kwenye skrini,
mkia umepita chini ya mstari, umejikunja kushoto,
kama mguu wa mtu aliyekaa akatulia.

"Hiyo," akasema. Kisha: "Na kubwa yake?"
Kubwa yake ziko mbili, sikujua.
Moja ni N ya kawaida, imefungiwa mkia.
Nyingine, kwenye fonti ya pili, ni ile ndogo yenyewe
imelishwa ikakua.
Akaangalia daftari, akaangalia skrini, daftari tena.
"Mama alikuza ile ndogo."

Nikamprintia karatasi nzima, herufi moja.
Nilitaka kumwambia mia mbili, nikasema aache,
akaacha elfu moja juu ya kibodi na kuondoka.
Sikuifunga ile programu. Nilishuka peke yangu
mpaka saa nne, umeme ulipokatika,
nikitazama herufi za watu.

Jioni simu kutoka Unga Limited, fundi wa mawe,
tindo na vumbi vikisikika nyuma yake:
"Dada, kwenye kazi yako hii kuna n imeharibika,
imeota kitu kwa chini.
Niukate huo mkia?"

Usiuguse.
Chimba chini zaidi.